Amunike asipimwe kwa mechi tatu za Misri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Emmanuel Amunike. Kila mjadala wa makocha wa Taifa Stars unapozuka huku kwetu Mtwara, iwe kwenye vijiwe vya kahawa au jukwaani katika uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mnigeria huyu hutajwa kuwa ni kocha aliyefungwa mechi zote tatu za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019 nchini Misri, kisha mazungumzo yakahamia kwa mwingine. Mimi naona hatujamtendea haki.

Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1994 tunalikumbuka jina lake kabla hajafikiriwa kuja kwetu. Ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria ilipoifunga Zambia 2-1 katika fainali ya Afrika kule Tunisia, akafunga tena dhidi ya Bulgaria na Italia katika Kombe la Dunia nchini Marekani, na mwaka huo huo akatangazwa mwanasoka bora wa Afrika. Miaka miwili baadaye bao lake la dakika za mwisho dhidi ya Argentina liliipa Nigeria dhahabu ya Olimpiki. Barcelona walimsajili, lakini goti halikumpa nafasi ya kung'ara huko kama tulivyotarajia.

Alipokabidhiwa Stars mwezi Agosti 2018, timu yetu ilikuwa haijacheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980, fainali ambazo, kwa bahati, zilifanyika nchini kwake. Jambo la mwanzo alilofanya ni kuwaacha wachezaji kadhaa wa Simba waliochelewa kuripoti kambini, akiwemo Erasto Nyoni. Watu walilalamika sana, nami nilikuwa mmoja wao. Leo nakiri kwamba alikuwa sahihi, kwa sababu timu ya taifa ambayo mchezaji anaingia kambini kwa wakati anaoutaka mwenyewe haiwezi kujengeka. Nyoni alirudishwa, na tarehe 24 Machi 2019, tulipoifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam, alifunga kwa penalti baada ya Simon Msuva kutangulia, kisha Aggrey Morris akamalizia. Ni kweli kwamba ili tufuzu tulihitaji pia Lesotho isishinde kule Cape Verde, na haikushinda. Siku hiyo katika kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea mpira, nilichokuwamo pale Magomeni, wazee waliokuwa wamesubiri miaka 39 walilia bila kuona haya.

Huko Misri tulipangwa na Senegal na Algeria, ambazo ndizo zilizokutana katika fainali. Kipigo kinachoniuma hadi leo ni kile cha 3-2 mbele ya Kenya, kwa kuwa tuliongoza mara mbili, na hapo kocha hawezi kukwepa lawama. Hata hivyo, kumwachisha kazi mwezi Julai mwaka huo huo, kabla hajamaliza hata mwaka mmoja, ulikuwa uamuzi wa haraka mno.

Tena tulimwondoa mtu ambaye sifa yake kubwa ya ukocha ni kulea vijana. Mwaka 2015 aliiongoza Nigeria kutwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Chile, na katika kikosi hicho alikuwemo Victor Osimhen, aliyefunga mabao 10 na baadaye kuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 2023. Mikoa ya Mtwara na Lindi ina vijana wengi wanaocheza mchangani bila mwalimu yeyote, na mtu wa aina hiyo tulikuwa naye nchini tukamtumia kwa timu ya wakubwa peke yake.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Naliomba Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania limwalike Amunike awe mgeni wetu, na likiweza, limlete hadi huku kusini akae siku chache na walimu wa timu za vijana.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara