Mtambo wa hali ya hewa hauoni linalokuja

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege kwa zaidi ya miaka 20. Wengi huniuliza kama naichukia mitambo inayojiendesha ya kupima hali ya hewa. Naipenda. Mimi nilikuwa nikiandika taarifa mara moja kwa saa. Mtambo husoma kila dakika, na ukiunganishwa na redio rubani anausikia akiwa bado angani: upepo, kimo cha mawingu, mgandamizo wa hewa. Hilo la mwisho abiria wengi hawalijui. Kwa tarakimu hiyo rubani hurekebisha kipimo chake cha kimo. Ikizidi ile halisi kwa hektopaskali 10 tu (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo wa hewa), kipimo kitamwonyesha yuko juu zaidi ya alivyo kwa karibu futi 300, na kama mawingu yameshuka hana namna ya kujua.

Lakini mtambo hautazami huku na huku. Mwale wake wa kupima mawingu hupanda wima, basi. Kifaa cha ukungu hupima hewa kidogo iliyo mbele yake. Wingu jeusi likiwa kilomita nane ziwani, kwake halipo.

Sisi wa Ziwa Victoria tunalijua wingu hilo. Usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, radi zinajijenga huko, kisha asubuhi upepo wa mashariki huzisukuma kuja Kagera. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya hali mbaya ya hewa, ndege yenye watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki. Sisemi mtambo ungewaokoa, ila tangu siku ile siwezi kunyamaza.

Naomba mitambo ifungwe hata kwenye viwanja vidogo vya kando ya ziwa, na penye ndege za abiria za ratiba abaki mtu wa kutazama upeo wa macho na kumwambia rubani anachokiona.

Na mafundi wakae mikoani. Niliwahi kuona buibui ametanda utando kwenye kifaa cha ukungu, mtambo ukatangaza ukungu jua likiwaka. Kuusafisha ni kazi ya dakika tano na kitambaa. Tulimsubiri fundi wiki tatu, kwa kuwa sisi tuliokuwepo hatukuruhusiwa kukigusa.

Mwangalizi mstaafu,
Kagera