Barua kwa mwanangu anayetaka kupanda nguzo

Dodoma

Mwanangu,

Umeuliza ufadhili wa kusomea umeme unapatikana wapi. Chagua kwanza mlango wa kuingilia, maana fedha hufuata mlango.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanakupeleka ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Karakana ndiyo darasa, na ada ni nafuu kwa sababu serikali inachangia. Huko usisubiri Bodi ya Mikopo. Fuatilia matangazo ya uanagenzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako serikali hulipia mafunzo.

Mlango wa pili ni stashahada, kwa mfano DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha baadhi ya stashahada za kipaumbele, uhandisi wa nishati ukiwemo. Soma mwongozo wa mwaka wako uione kozi kwa jina lake kamili, usikisie. Na huo ni mkopo, utaurudisha.

Wengi hukwama kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohamedi. Uhakiki unagoma, dirisha la maombi linafungwa.

Ukifika fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, omba kukaa na watu wa laini, si ofisini. Utaambiwa laini imezimwa. Usiamini. Mteja mwenye jenereta isiyo na chenjiova, swichi ya kuitenganisha na laini, anarudisha volti 230 kwenye transfoma, nayo inazipandisha hadi 11,000 au 33,000 juu ya kichwa chako. Ndiyo maana swichi inafungwa kwa kufuli, laini inapimwa, kisha inaunganishwa na ardhi pande zote mbili za unapofanya kazi. Kipimo chenyewe kijaribiwe penye umeme kabla na baada, kwani kipimo kibovu nacho husema "hakuna". Waya wa ardhi hufungwa upande wa ardhi kwanza, ndipo upande wa laini. Kufungua ni kinyume chake.

Nguzo ya mti igonge kwa nyundo kabla ya kupanda, na ufukue kidogo shinani. Mchwa wa huku kwetu hula chini ya udongo huku juu pakionekana pazima.

Kwenye wayaringi za nyumba, pima ukinzani wa fimbo ya ardhi wakati wa kiangazi. Udongo ukikauka ukinzani hupanda. Fimbo iliyopimwa Februari, mvua zikinyesha, inaweza kukudanganya hadi Oktoba.

Cheti mkononi, bado huruhusiwi kufunga umeme kwa jina lako. Leseni hutolewa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa madaraja, na daraja ndilo linaloamua ukubwa wa kazi. Bila leseni wewe ni kishoka tu, fundi wa mitaani asiye rasmi, hata kama mkono wako ni mzuri.

Wiki hii anza na RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa. Linganisha majina kwenye vyeti viwili, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, herufi kwa herufi kabla hujalipia fomu yoyote.

Baba yako