Nafasi ya diski huamuliwa kabla mfumo haujaanza kunakiliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu kompyuta mpakato za zamani, hasa zile zenye diski ya GB 32 au 64. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo mashine nyingi kuukuu hazina. Wenye nazo wanapiga Windows 10 upya au wanahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na diski inapojaa baada ya wiki mbili wanapewa ushauri uleule: futa picha, futa video, tafuta programu ya kusafisha. Ushauri huo hufika maji yakishamwagika. GB nyingi hupotea siku ya kusakinisha, kabla mwenye mashine hajaweka hata faili moja.

Kwanza tuondoe lawama isiyo na msingi. Diski iliyoandikwa GB 32 huonekana kwenye Windows kuwa na 29.8 kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Palipo na hasara ya kweli ni kwenye partisheni, yaani vipande ambavyo diski hugawanywa. Kompyuta nyingi za kiwandani zina partisheni ya kurejeshea mfumo, mara nyingi ya GB 10 hadi 20, iliyobeba Windows 7 au 8 ambayo hakuna atakayeirudia. Fundi anayesakinisha mfumo mpya juu ya C (partisheni kuu ya Windows) peke yake anaiacha ikikaa bure. Nakili kwanza nyaraka zako, pakua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya WiFi uiweke kwenye flashi, kisha kwenye skrini ya kuchagua diski futa partisheni zote mpaka ibaki nafasi tupu moja, na uielekeze Windows humo. Hakikisha tu kwamba unayoifuta ni diski ya ndani, si flashi uliyowashia wala diski ya nje iliyosahaulika kwenye tundu la USB. Ukisema utairudisha nafasi hiyo baadaye, utakwama: Windows za karibuni huweka partisheni yao ndogo ya ukarabati mara tu baada ya C, na C haiwezi kupanuliwa kuvuka kitu kilichokaa katikati.

Lile pendekezo la zamani la kugawa diski kuwa C ya mfumo na D ya nyaraka linafaa diski kubwa. Kwenye GB 32 ni kujifunga kamba mwenyewe. C itajaa wakati D ina GB 6 tupu, na hakuna programu itakayokuhurumia. Partisheni moja inatosha, na nakala ya akiba ikae nje ya mashine.

Windows ikishasimama, kuna mambo manne ya kufanya kabla ya kuweka programu yoyote. Fungua dirisha la amri ukiwa msimamizi. Amri ya powercfg /h off inaondoa faili la hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya RAM. Mwenye RAM ya GB 4 anapata GB 1.6 papo hapo. Gharama yake ni kwamba mashine haitaweza tena kuhifadhi kazi kwenye diski na kuzimika, na ule uwashaji wa haraka utakoma. Anayeupenda uwashaji huo atumie powercfg /h /type reduced, faili lishuke hadi asilimia 20.

La pili ni compact /compactos:always, inayobana faili za mfumo zenyewe. Kwenye mfumo wa biti 64 tegemea kuokoa takriban GB 2. Kwenye diski inayozunguka amri hii ni ya polepole, kwa hiyo chomeka chaja na usiizime mashine katikati. Tafadhali msichanganye amri hii na kile kisanduku cha kubana diski nzima kilichomo kwenye sifa za C. Kisanduku hicho hakibagui: kinaweza kubana hata faili la kuwashia, na asubuhi yake skrini nyeusi ikakuandikia “BOOTMGR is compressed”. Nusu ya mashine zinazosemekana kuharibika kwa kubanwa diski zilibanwa kwa njia hiyo, au ndivyo ninavyoshuku.

Tatu, tangu toleo la 1903 (hizi ni namba za matoleo, si miaka) Windows iliyosakinishwa upya hujitengea takriban GB 7 kwa ajili ya masasisho. Kuanzia toleo la 2004 unaweza kuizima akiba hiyo kwa DISM /Online /Set-ReservedStorageState /State:Disabled. Ikikataa, huenda kuna sasisho linaloendelea. Liache limalizike, washa upya, jaribu tena. Hapa natofautiana na wanaomwambia kila mtu azime. Akiba hiyo ndiyo inayozuia sasisho kukwama nusu ya njia. Kwenye GB 32 izime, kwa sharti kwamba utaacha angalau GB 5 wazi. Kwenye GB 64 iache.

Nne, baada ya masasisho yote kuingia, endesha Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, inayoondoa mabaki ya masasisho ya zamani. Ukiongeza /ResetBase utapata nafasi zaidi ila hutaweza tena kuondoa masasisho yaliyokwishawekwa. Folda ya WinSxS, ambamo Windows huweka vijenzi vyake, usiifute kwa mkono kamwe. Ukubwa unaouona unatia chumvi, kwa kuwa faili nyingi zilizomo ni zilezile za mfumo zinazohesabiwa mara mbili. Na kama ulisakinisha bila kufuta C, folda ya Windows.old ipo, na huweza kubeba GB 10 au zaidi. Iondoe kupitia kisafishaji cha Windows chenyewe.

Kwa wanaohamia Linux mambo ni mepesi, ingawa mitego ipo. Nachukua mfano wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Toleo la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, kwa hiyo mwenye prosesa ya aina hiyo atumie la 12. Chukua faili dogo la kusakinishia liitwalo netinst, chagua diski nzima na faili zote kwenye partisheni moja, na ukatae kutenganisha /home (folda ya nyaraka zako) kwa sababu ileile niliyoitaja ya C na D. Kwenye orodha ya programu ondoa alama ya eneokazi (madirisha na menyu za kubofya), bakiza huduma za msingi.

Kisha weka eneokazi mwenyewe kwa apt, chombo cha Debian cha kuwekea programu: apt install --no-install-recommends, ukitaja xorg, xfce4 na lightdm. Kigezo hicho kinaokoa nafasi kubwa, na ndicho pia kinachowakimbiza wengi. Apt haitaleta kitu ambacho hukukitaja na ambacho si cha lazima, ndiyo maana mtu anawasha mashine akakuta hakuna WiFi, flashi haijitokezi na sauti imekufa. Si ubovu. Taja network-manager na wpasupplicant kwa ajili ya mtandao, gvfs na thunar-volman kwa ajili ya flashi, na pulseaudio kwa sauti. Fanya hivyo ukiwa bado na waya wa mtandao.

Mfumo wa faili wa ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi. Kwenye partisheni ya GB 28 hiyo ni GB 1.4. Tazama jina la partisheni kwa lsblk, kisha tune2fs -m 1 ikifuatwa na jina hilo. Usiandike 0: asilimia moja ndiyo itakayokuwezesha kuingia na kufuta vitu siku diski ikijaa kabisa. Kumbukumbu za matukio ya mfumo (logi) ziwekee kikomo kwa kuandika SystemMaxUse=50M kwenye /etc/systemd/journald.conf. Baada ya kila sasisho kubwa endesha apt clean, kisha apt autoremove --purge ili kerneli (viini vya mfumo) za zamani zitoke. Kerneli hizo ni hatari zaidi kwa aliyetenga /boot (mahali pa faili za kuwashia) kama partisheni, kwani zikiijaza, sasisho linalofuata hukatika katikati.

Flatpak, yaani programu zinazokuja na maktaba zake, ziepuke kwenye mashine hizi. Kikokotoo kidogo kinaweza kuvuta maktaba za mamia ya MB, na kila programu inaweza kudai toleo lake.

Lipo pia badiliko la MODULES=most kuwa MODULES=dep kwenye faili la initramfs.conf, likifuatwa na update-initramfs -u. Linapunguza faili la kuwashia kwa kiasi kikubwa. Lakini faili hilo litabaki na draiva za mashine hiyo tu. Ukihamishia diski kwenye kompyuta nyingine huenda isiwake, na utadhani diski imekufa.

Mwisho, kabla ya kuhangaika na haya yote, geuza mashine uangalie chini. Kama diski ni ya inchi 2.5 na imeshikwa kwa skrubu, inaweza kubadilishwa kwa SSD kubwa na sehemu kubwa ya barua hii haikuhusu. Kama ni eMMC (chipu ya hifadhi) iliyochomelewa kwenye bodi, haitoki. Hapo kadi ya SD ibebe nyaraka na muziki, mfumo na programu zibaki ndani, na asilimia 10 hivi ya diski iachwe tupu, kwani hifadhi ya aina hiyo ikijaa pomoni huandika polepole mno.

Wako,
Fundi wa kompyuta