Barua kwa mwanangu mkimya

Mwanangu kipenzi,

Sisi huku hatujambo, na babu yako akuulizia kila siku. Ujumbe wako wa wiki jana, kwamba ulifanya ule mtihani wa tabia ukatoka na herufi I, N, T na J, yaani mtu wa ndani, wa kuona yaliyofichika, wa kufuata hoja na wa kupenda mpango, umeninyima usingizi. Nimekaa nikisoma mpaka usiku, kwa sababu nimekuzaa na bado sikukujua.

Kumbe mtihani wenyewe ulitungwa na mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers wa Marekani, ambao hata saikolojia hawakuisomea. Mama mtu alianza kuchunguza tabia za watu baada ya binti kuleta mchumba asiyefanana na yeyote nyumbani kwao. Msingi waliuchukua kwa Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliyeandika mwaka 1921 kwamba kuna watu ambao nguvu zao huelekea nje, na wengine huelekea ndani. Na huyo Jung alipita hapa hapa kwetu! Mwaka 1925 aliteremka melini Mombasa, akaiona ngome ya Wareno, kisha akapanda treni kwenda bara, safari iliyomfikisha Mlima Elgon.

Niliposoma habari za ngome nikakuona wewe, una miaka 9, umekaa peke yako kwenye mawe ya Ngomeni na daftari mapajani. Siku moja uliandika maji yamejaa saa saba na robo. Kesho yake, saa nane na dakika tano. Ukajaza kurasa, halafu ukamwendea babu yako akishona nyavu: "Babu, maji yachelewa karibu dakika 50 kila siku. Kwa nini?" Mzee akaweka sindano chini. Akakwambia ni mwezi, nao huchelewa kuchomoza vivyo hivyo, akakueleza bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo. Mlizungumza mpaka adhana ya magharibi. Na wewe ndiwe mtoto ambaye mtaa mzima ulisema hana maneno.

Sasa nakuja kwenye linaloniuma. Harusi ya mamako mdogo, ulipanda chumba cha juu na kitabu chako. Wanawake wakaniuliza, mbona mtoto wako ana maringo? Nikaona haya. Nikakuteremsha, nikakufinya mkono mbele za watu, nikakwambia cheka. Ukacheka. Kicheko kile sijakisahau. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani kimya chako ni kiburi, kumbe ndani ulikuwa kazini, ukilipima kila neno kabla ya kulitoa. Hesabu za Marekani zasema watu wa herufi hizo ni karibu 2 katika kila 100, na wanawake ni wachache zaidi. Ungempata wapi mwenzio katika ukumbi ule?

Ila herufi hizo usizivae kama hirizi. Wataalamu wengi hawauamini sana mtihani huu, maana mtu akiurudia baada ya wiki chache aweza kutoka na herufi nyingine, na wengi wetu tuko kati kwa kati, si upande huu wala ule. Mimi nimeona ulivyomkalia nyanya yako usiku kucha alipougua, ukimshika mkono. Hilo halimo katika herufi nne. Na salamu ni salamu: mkubwa ukimkuta mlangoni mwamkie, muulize hali, umsikilize ajibu. Baada ya hapo panda zako juu, wala sitakuita.

Mwezi ujao binti ya ami yako aolewa. Njoo mapema, nikupikie mahamri na mbaazi kabla nyumba haijajaa watu. Chumba cha dirisha la baharini nimekifagia. Daftari lako la maji nimelitoa sandukuni, limeliwa kidogo na mende pembeni lakini tarakimu zote zasomeka, na kurasa za nyuma bado nyeupe. Babu yako asema bamvua itaangukia siku ya kupamba.

Wakiniuliza uko wapi, nitawajibu mimi.

Mamako

Mombasa