Waranti ya simu isiwe danganya toto

Mhariri, naomba nafasi. Nilinunua simu duka moja Kariakoo, waranti mwaka mzima, risiti ninayo. Hata nusu ya muda haijafika ikagoma kuchaji, nikairudisha, fundi kaifungua kachungulia kale kastika ka ndani kanakogeuka kekundu kakipata maji, akasema imeingia maji waranti imekufa, lipia. Maji gani jamani? Haijawahi kulowa, na Dar hii ya joto na unyevu, simu iko mfukoni na jasho kutwa nzima, ndo kastika peke yake kawe hakimu? Wanionyeshe basi kutu kwenye bodi! Hata kuniandikia sababu kwenye karatasi wamekataa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, kwahiyo naenda FCC, yaani Tume ya Ushindani, na risiti yangu.

Mteja, Temeke, Dar es Salaam