Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Lofa

Wanachama wenzangu, habari za masiku na poleni na baridi. Katibu aliniambia niandike taarifa ya mwaka na niifanye fupi, nimejaribu imekataa, kwa hivyo wekeni chai kwanza.

Mambo ya kawaida niyamalize haraka. Chama kiko hai, wageni wameingia, wawili watatu wamehamia steti nyingine na tunawatakia heri. Hesabu sitazigusa, mama mweka hazina atazisoma mwenyewe kwa mkutano mkuu na nyote mnajua hapendi kuingiliwa. Ada bado ni tatizo, nitarudi hapo.

Sasa kazi yenyewe. Mnajua chama chetu kila mwaka kinachagua sehemu moja ya dunia tunaisoma mpaka tunaielewa, na mwaka huu kura ziliangukia kaunti ya Lofa, nchini Liberia. Kuna walionung'unika na hata kwa grupu ya WhatsApp waliandika, mbona Liberia, mbona si Kisangani, mbona si Lamu kwao watu. Jamani. Tunaishi hapa Brooklyn Park, Minnesota, na Waliberia, shifti za usiku kwenye nyumba za wazee tunafanya nao, kanisani na msikitini tuko nao, watoto wetu wanacheza timu moja, lakini ukimuuliza mmoja wetu Liberia ni nini atakwambia George Weah, yule mwanasoka aliyekuja kuwa rais, na Ebola halafu ananyamaza. Ndo maana.

Haya, Lofa iko wapi. Ukiangalia ramani ya Liberia, ile pembe ya juu kabisa kaskazini inayojichomeka katikati ya Guinea na Sierra Leone, hiyo ndo Lofa. Makao makuu ni Voinjama. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 10,000 na sensa ya 2022 ilihesabu watu 367,376, kutoka 276,863 wa sensa ya 2008, wakati nchi nzima ni watu 5,250,187. Ni msitu, vilima na mabonde yenye maji, mvua inaanza kama Mei inapiga mpaka Oktoba. Mto Lofa ndo umeipa jina, mto Makona unatenga na Guinea, na kuna safu ya milima ya Wologizi ambako kilele cha Wuteve kinapita mita 1,300, mlima mrefu kuliko yote iliyo ndani ya Liberia peke yake (Nimba ni mrefu zaidi lakini ule ni wa kugawana na majirani). Chini ya Wologizi kuna chuma ambacho wataalamu wanakijua miaka mingi na bado kiko hapo chini.

Kabla ya vita Lofa ilikuwa inaitwa ghala la chakula la Liberia. Mpunga wa mlimani na wa mabondeni, kakao, kahawa, kola, mawese. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilileta huko mradi mkubwa wa kilimo wa wakulima wadogo. Halafu vita vikaja.

Lakini kilichotushika sana mwaka huu si mpunga, ni serikali. Mimi nimetoka Kenya na nilidhani neno kaunti nalijua, kumbe. Liberia ilijitangaza huru 1847, ila kwa zaidi ya miaka mia moja kaunti zilikuwa za pwani tu, Montserrado, Grand Bassa, Sinoe, Maryland na wenzao, kule walikokaa wale watu weusi waliohamia kutoka Marekani na vizazi vyao. Watu wa bara waliitwa wa ndani, wakawekwa kwenye majimbo yaliyotawaliwa na makamishna kutoka mji mkuu, Monrovia, wakatozwa kodi ya nyumba, na uwakilishi bungeni ulianza kuja kidogo kidogo wakati wa Rais Tubman miaka ya 1940. Mpaka 1964 ndo Tubman akafuta yale majimbo akaunda kaunti nne mpya za bara: Lofa, Bong, Nimba na Grand Gedeh. Kwa hivyo mzee wa Lofa mwenye miaka 75 leo alizaliwa sehemu ambayo si kaunti, ndani ya nchi huru, na hilo mi huwa silimalizi kulifikiri. Baadaye 2001 sehemu ya chini ikamegwa ikawa kaunti ya Gbarpolu, ndo maana vitabu vya zamani vinaonyesha Lofa kubwa kuliko ilivyo sasa, msichanganyikiwe.

Sasa anayeongoza kaunti anaitwa superintendenti, na hapa ndipo mitingi yetu ya Machi ilikaribia kuwa vita. Huyu hachaguliwi na wananchi, anateuliwa na rais, katiba ya 1986 inasema hivyo kwenye kifungu cha 54, na chini yake kuna makamishna wa wilaya ambao nao ni wa kuteuliwa. Wakenya wote tukaruka juu, sisi tumezoea kuchagua magavana tangu 2013 na kuwatukana pia, wakati Watanzania wametulia tu wanasema mbona kawaida, mkuu wa mkoa si anateuliwa. Tulibishana mpaka mwenye ukumbi akaja kuzima taa. Kifungu cha 56 nacho kinasema machifu wachaguliwe na wapiga kura, yaani chifu mkuu, chifu wa ukoo na chifu wa mji, kila miaka sita, lakini chaguzi za mitaa zimekwama miaka kwa miaka kwa sababu ya pesa, na 2008 Mahakama ya Juu ilimruhusu rais ateue hata mameya. Sheria ya serikali za mitaa ilipita 2018 kujaribu kurudisha madaraka chini. Maoni yangu kama mwenyekiti, na yaandikwe ni yangu: sheria nzuri bila barabara na bila pesa inabaki Monrovia. Bungeni Lofa ina maseneta wawili kama kila kaunti kati ya zote 15, na wabunge watano kati ya 73.

Watu wenyewe sasa. Walorma wako Zorzor na Voinjama, Wagbandi Kolahun, Wakissi Foya, Wakpelle upande wa Salayea, Wamende Vahun, na Wamandingo Quardu Gboni, ingawa maisha hayafuati mistari hii na ndoa ndo kabisa. Kuna Wakristo, kuna Waislamu, na kuna Poro ya wanaume na Sande ya wanawake, vyama vya jando na unyago vyenye nguvu ambavyo mgeni haulizi maswali mengi, na sisi hatukuuliza. Dada yetu mwalimu alitutolea mada nzuri sana ya maandishi ya Kilorma, Wido Zobo wa Boneketa ndo alibuni alama zake miaka ya 1930, mtu akaamua tu lugha yake iandikwe na ikaandikwa, watu wakatumiana barua. Wapo waliosema ile ndo ilikuwa siku bora ya mwaka.

Mimi siku yangu bora ilikuwa ya zile pesa za Wakissi. Ni fimbo nyembamba ya chuma iliyosokotwa, huku mwisho mmoja imepigwa ikawa na masikio kama herufi T, mwisho mwingine imebapa kama mguu. Zilifungwa mafungu mafungu, zilitumika Liberia, Sierra Leone na Guinea mpaka ndani ya karne ya 20, na zilinunua mpunga, ng'ombe, zililipa mahari. Ikivunjika ilihesabiwa imekufa, roho imetoka, haina thamani mpaka fundi mwenye uwezo aiunge na kuirudishia roho kwa malipo. Mama mweka hazina aliposikia hivyo alitaka tuanze utaratibu huo kwa wenye madeni ya ada.

Barabara niiseme maana bila hiyo Lofa huielewi. Kutoka Monrovia unaenda na lami mpaka Gbarnga kaunti ya Bong, kutoka hapo unakata kaskazini Salayea, Zorzor, Voinjama, Kolahun, Foya mpaka mpakani Mendekoma, na kipande hicho ndo kilio cha watu wa Lofa miaka yote, ujenzi wa lami unaendelea kwa vipande ila mvua ikishika malori yanazama kwenye tope jekundu na kukaa, siku zinapita, bidhaa zinapanda bei, mgonjwa anabebwa na pehn-pehn, ndivyo wanavyoita bodaboda kule. Sasa mkulima wa kakao wa Foya afanye nini? Guéckédou ya Guinea iko hapo tu, Kailahun ya Sierra Leone iko hapo tu, na ndugu zake Wakissi wako pande zote tatu kwa sababu Waingereza, Wafaransa na Monrovia waligawana nchi bila kuwauliza, Kailahun yenyewe ilikuwa ya Liberia mpaka mabadilishano ya 1911. Anauza anakofika. Mtu akiita hiyo magendo mi namuuliza alitegemea nini.

Na njia hiyohiyo ya soko na misiba ndo ilileta Ebola. Ilianzia upande wa Guéckédou mwisho wa 2013, na mwezi wa 3 mwaka 2014 wagonjwa wa kwanza wa Liberia wakathibitishwa Foya. Katikati ya mwaka Lofa ilikuwa inaungua, Foya, Voinjama, mji wa Barkedu ulizungushiwa karantini na watu wengi walikufa. Mwanzoni watu waliogopa kituo cha matibabu kuliko ugonjwa, na ukifikiri si ajabu, ndugu yako anaingizwa nyuma ya ukuta na watu waliofunika uso halafu unaletewa habari kafa na hujui kazikwa wapi. Kilichobadilisha ni kwamba wahudumu walikaa na wazee, machifu, viongozi wa dini, na kile kituo cha Foya kikawekwa wazi bila kuta ndefu za kuziba, familia zikawa zinaona ndani nani anafanya nini, na zikaruhusiwa kutembelea kwa kinga. Wagonjwa wapya wakaanza kupungua Lofa kabla ya sehemu nyingi za nchi, na mwisho wa Oktoba kituo cha Foya kilikuwa hakina mgonjwa. Manesi wetu wa chama waliposikia hiyo ya ukuta walikaa kimya muda mrefu, hao ndo waliofanya kazi kipindi cha Korona kwenye zile nyumba za wazee.

Vita nitapita juu juu maana tulikubaliana na wageni wetu Waliberia hivyo. Voinjama ilipigwa na kupokonywa mara nyingi, waasi wa LURD, kundi lililompinga Rais Charles Taylor, walivuka kutoka Guinea kuanzia 1999, watu wakakimbilia ng'ambo, na hao walewale walikuwa wamepokea wakimbizi wa Sierra Leone pale Kolahun na Vahun miaka michache nyuma. Ila tuna sehemu yetu humo ambayo wengi hamkuijua: Tanzania na Uganda walipeleka wanajeshi Liberia 1994 kuongezea nguvu ECOMOG, jeshi la kulinda amani la nchi za Afrika Magharibi, na UN ilipoingia Oktoba 2003 kamanda wa kwanza wa jeshi lake alikuwa Mkenya, Luteni Jenerali Daniel Opande. Voinjama yenyewe walikaa Wapakistani.

Na siasa ya sasa, rais wa Liberia ni mtoto wa Lofa. Joseph Boakai amezaliwa Foya, kijiji cha Worsonga, akawa waziri wa kilimo miaka ya 1980, makamu wa rais wa Ellen Johnson Sirleaf miaka 12, akashindwa na Weah 2017, akarudi akamshinda Novemba 2023 kwa asilimia 50.64. Akaapishwa Januari 22, 2024 na joto likamlemea katikati ya hotuba. Sasa watu wa Lofa wanangoja lami, na kaunti nyingine 14 zinaangalia kama lami itaenda Lofa peke yake. Ule mjadala wa mashine 285 za barabara ambazo serikali ilitaka kuzigawa, 19 kila kaunti, nani kanunua na kwa utaratibu gani, wenzetu Waliberia waliujadili mpaka kazini na sisi tukaburuzwa ndani. Mi bado sijamhukumu mzee.

Shukrani zangu kwa yule mama wa Foya aliyekubali kuja kutupikia torborgee. Mawese, nyanya chungu, samaki wa moshi, pilipili isiyo na huruma, na magadi ndani, kwa wali. Waluhya wetu walipoona magadi walijisikia nyumbani. Sufuria ilirudi jikoni nyeupe.

Yaliyobaki. Michango ya msiba wa mwezi wa 9 ilifikia familia, asanteni. Ukumbi mwaka ujao bei inapanda, kamati inatafuta mwingine wenye parking. Kwa uchaguzi wa mada ya mwaka ujao yamekuja mapendekezo matatu mpaka sasa, Grand Kru hukohuko Liberia, eneo la Casamance la Senegal, na Tanganyika ya Kongo, mengine yatumwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu. Mwenye deni la ada alipe kwanza mlangoni ndo apewe karatasi ya kura, na safari hii nimemwachia mama mweka hazina mlango peke yake.