Ukoko wa chokaa: kwa nini boila yako tunaifungua kwanza

Mashine ya espresso ikichelewa kupata moto, mvuke ukalegea na kahawa ikadondoka tone moja moja, wateja wetu wengi hukimbilia unga wa ndimu. Hawakosei. Ukoko ukiwa mwembamba, hata sisi hatutumii kingine. Tunachowaomba ni msiumimine kwenye boila iliyonyweshwa maji ya kisima miaka mingi bila kuguswa.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji ya kisima huibeba yakiwa meupe pee, huioni. Yakiingia kwenye boila yenye joto la nyuzi 120 hivi, chokaa hujitenga na kuganda, hasa juu ya hita. Hita iliyovikwa koti hilo hupasha ukoko kwanza, maji baadaye, hadi siku inaungua.

Juzi tulifungua boila moja, tukakuta magamba ya kijivu manene kuliko ganda la yai, yamebana hita hata haichomoki. Fikiria dawa ingemiminwa humo. Magamba yangebanduka, yakasafiri na maji mpaka kwenye kile kitundu cha kupitishia maji ya kahawa, ambacho hakifiki milimita 1. Mashine iliyokuwa ikidondosha ingeziba kabisa.

Kwa hiyo tunatoa boila, tunachomoa hita, tunaloweka vyote katika maji ya uvuguvugu, gramu 50 za unga wa ndimu kwa lita. Povu likitulia na ukoko ungalipo, tunamwaga na kuanza upya. Hatuchemshi: katika moto mkali unga wa ndimu hushikana na chokaa, ukazaa unga mwingine mweupe, mgumu kuyeyuka. Asidi ya kusafishia choo haiingii karakana yetu, maana hula chuma pamoja na ukoko. Gasketi huwa mpya kila mara. Ya zamani ikishatolewa haizibi tena vizuri.

Kama maji yako yana ladha ya chumvi, chujio la kulainisha halitatosha. Linaondoa chokaa, chumvi inabaki, nayo hutoboa boila polepole. Hapo tutazungumzia mtambo wa kuchuja chumvi.

Kabla ya kuja, zima mashine, chomoa waya, iache ipoe usiku kucha. Na utuletee chupa moja ya maji unayotumia, tuyapime ukiwepo.